Sauti Iliyotangulia Mkono

Mwalimu Klara alipofungua mlango asubuhi ile alikuta sare ya kwaya imetundikwa kwenye kitasa. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, kola yake nyeupe imekunjwa kwa ndani isishike vumbi. Chini yake, ukutani, iliegemezwa kayamba. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Katika Kinampanda nzima kulikuwa na kayamba moja tu iliyoshonwa kwa uzi wa kijani pembeni, na mwenyewe, Luciana, hakuwa na desturi ya kumwachia hata mwanawe wa kumzaa aichezee.

"Haya sasa," Klara alisema peke yake. "Kasusa."

Aliiingiza sare ndani akaitupa juu ya kiti, kisha akarudi akaikunja vizuri, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona nguo iliyopigwa pasi imetupwa ovyo. Hilo nalo lilimuudhi. Hata katika kususa kwake, Luciana alikuwa amempa kazi ya kufanya.

Ugomvi wenyewe ungeweza kuitwa mdogo, kama kungekuwa na ugomvi mdogo katika kwaya. Baada ya kuvuna alizeti walikwenda Singida mjini wakarekodi nyimbo zao katika studio ya Prashant, iliyo nyuma ya duka la vifaa vya umeme la baba yake. Waliporudi, Gervas, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, alizichukua nyimbo zile akazisambaza kijijini, na kila mtu akafurahi. Klara naye aliingiziwa. Akiwa jikoni anachambua mlenda, simu ikiwa juu ya kinu, aliusikia ule wimbo wao wa mavuno, na ndani yake akasikia kayamba inatangulia. Haikutangulia sana. Ilikuwa kama mgeni anayeingia huku bado anapiga hodi. Lakini Klara alikuwa amefundisha shule miaka mingi na kwaya miaka mingi zaidi. Wanafunzi wake wa zamani walisema Mwalimu Klara, akiwa mlangoni, husikia anayetafuna karanga kwenye dawati la mwisho. Pigo lililowahi lilimwasha mwilini kama upupu.

Kwa hiyo siku ya mazoezi alimwambia mbele ya watu wote. "Luciana, unawahi. Uimbaji wa jimbo huko Kiomboi uko karibu, na mji mzima utatucheka."

"Siwahi," Luciana alijibu.

Klara akaiweka simu mezani, akaucheza wimbo. "Sikiliza mwenyewe."

Luciana alisikiliza, kichwa amekiinamisha upande. Walikuwa wamekua pamoja wawili hao, wamechota maji kisima kimoja na kubatizwa siku moja, na Klara aliijua ile namna ya kuinamisha kichwa. Ilikuwa namna ya mtu ambaye habadiliki.

"Huyo siyo mimi," Luciana alisema.

"Kama siyo wewe ni nani? Malaika?"

Watu wakacheka. Luciana hakucheka. "Mkono wangu haukupiga hivyo. Hiyo sauti imechezewa."

Hapo ndipo maji yalipomwagika. Kusema sauti imechezewa ni kusema kuna aliyeichezea, na kwaya ile ilikuwa na kanuni yake, ya zamani kuliko wao wote: anayemsingizia mwenzake anavua sare, na haivai tena mpaka asimame mbele ya wenzake, kati ya sauti ya kwanza na besi, aseme kosa lake kwa kinywa chake. Luciana hakusubiri kuvuliwa. Aliivua mwenyewe, akaifua, akaipiga pasi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Klara alimwambia Filipo, mwenyekiti wa kwaya, alipokuja jioni kuulizia. Akaongeza maneno mawili ya Kinyiramba ambayo hayafai kuandikwa.

Filipo alikuwa mtu wa sauti nzito na uamuzi mwepesi. "Twende mjini," alisema. "Ule wimbo kama tulivyourekodi si uko kwa Prashant? Tuusikilize wote. Kama umechezewa, Mwalimu, utasimama wewe mbele uwaambie watu umemwonea. Kama haukuchezewa, atasimama Luciana."

Klara alikubali bila kufikiri mara mbili. Luciana naye, alipofikishiwa habari, alikubali, na hilo lilimuudhi Klara zaidi, kwa kuwa mtu mwenye makosa anatakiwa angalau asite.

Studio ya Prashant ilikuwa chumba kimoja chenye trei za mayai na mazulia chakavu ukutani ili kuzuia mwangwi. Prashant, mzaliwa wa Singida kama baba yake, aliwaamkia kwa shikamoo mmoja baada ya mwingine, akawaagizia chai ya tangawizi, akasikiliza kesi yao mpaka mwisho bila kutabasamu. Klara alimshukuru kwa hilo.

"Hakuna aliyechezea kitu, Mwalimu," alisema. "Ila kuna kubana."

"Kubana nini?"

"Wimbo nilionao hapa ni mzito. Ukiuweka kwenye simu kama ulivyo, unakula nafasi yote. Kwa hiyo kompyuta inaubana. Inatafuta sauti ambazo sikio halitagundua zikiondoka, inazitupa, inabakiza nyingine."

"Na nani kaiambia sikio langu halitagundua?"

"Walipima watu, Mwalimu. Zamani, huko nje. Waliwaketisha wakawasikilizisha."

"Kulikuwa na Mnyiramba hata mmoja?"

Sasa Prashant alicheka. "Hilo sijui. Mimi niliwapa iliyobanwa kidogo. Ninyi mkampa Gervas, naye akaibana tena, tena kwa nguvu, ili kadi moja ibebe kwaya zote za Iramba. Hii hapa nakala yake, mlinitumia wenyewe. Kama kuna anayesikia tofauti, simbishii. Lakini mimi nikifumba macho, mara nyingi sijui ipi ni ipi."

Akaucheza wimbo wa asili. Spika zake zilikuwa kubwa, na sauti ya Filipo ilitoka nzito hata mwenyewe akaketi wima. Kayamba ikaingia.

"Huyo ndiye mimi," Luciana alisema mara moja.

"Mbona ni ileile?" Filipo akashangaa.

"Ni ileile," Klara akasema. Kwa kweli hakuwa amesikiliza sana. Alikuwa amekuja akiwa ameshasikia. Aliitazama saa yake, akaona watachelewa gari la kurudi kwa ajili ya mtu mmoja asiyetaka kukosolewa, na alichoka. Alichoka na Luciana, na kinyago cha upole alichokivaa Luciana usoni, na hata chai, ambayo ilikuwa na sukari nyingi mno.

Prashant alisema kuna njia ya haki. Aligeuza kompyuta wasiione. Angecheza kipande kilekile mara mbili, kimoja cha asili, kingine cha simu, akibadilisha mpangilio kila mara apendavyo, na Luciana angesema ipi ni ya asili. Baada ya jibu angewaambia kama amepata au amekosa.

Wakaanza. Luciana alikaa ukingoni mwa kiti akiwa amekaza macho kwenye spika kama anayemsubiri mtu atoke humo. Alipata. Akakosa. Akapata tena, akakosa mfululizo, akaanza kuomba arudishiwe, na kila aliporudishiwa alibadilisha jibu. Filipo aliguna kwa huruma. Ungerusha sarafu juu ungepata matokeo yaleyale. Klara alijiegemeza kwenye kiti, ule uchovu wake ukiwa umechanganyika sasa na raha kidogo, raha ambayo Mkristo haitangazi.

Ili asimtazame Luciana usoni, kwa kuwa uso wenyewe ulianza kutia haya, Klara aliteremsha macho yake mpaka mapajani pa mwenzake. Na pale, juu ya kitenge, mkono wa Luciana ulikuwa unapiga.

Mwenyewe hakujua. Vidole vilikuwa vimekunjwa kama vimeshika matete, kiganja kinageuka, kinapanda, kinashuka, kwa kufuata waimbaji. Klara aliutazama kwa kukosa cha kutazama. Katika kipande cha kwanza mkono uliposhuka, kayamba ililia. Ulishuka, ikalia. Kisha Prashant akacheza kipande cha pili, mkono ukapanda, na kabla haujashuka, kitu kikatangulia. Hakikuwa pigo. Kilikuwa mchakacho mwembamba, kama mtama unaomwagika kutoka gunia lililotoboka, na pigo lenyewe likaja nyuma yake, limefifia.

Klara akaketi wima.

Hiyo ni ya Gervas, alisema moyoni. "Ya pili ndiyo ya asili," Luciana alisema kwa sauti. "Umekosa, Mama," Prashant alijibu. "Ya pili ni ya simu."

Wakarudia. Klara aliuangalia mkono, akajua. Wakarudia tena, naye akafumba macho asiuone mkono, na bado akajua. Kile kitu kilikuwa pale kila mara, kinatangulia, kinachakacha, na sasa hakikuweza tena kutosikika. Mkono haukuwahi. Ulikuwa haujawahi hata mara moja. Kilichowahi ni takataka iliyobaki baada ya wimbo kubanwa, na yeye, Mwalimu Klara mwenye sikio la sifa, alikuwa ameichukua takataka ile akampiga nayo Luciana mbele za watu.

Neno lilimfika kwenye meno. Lakini Filipo alikuwa ameshaweka kikombe chini. "Basi, ndugu zangu," alisema. "Tumesikia wote. Hakuna tofauti."

Klara aliona jinsi mambo yatakavyokwenda endapo atafungua mdomo. Atasimama yeye kati ya sauti ya kwanza na besi. Wale vijana wa besi, ambao aliwatoa jasho kwa kila nota, watamtazama amesimama hapo. Na uimbaji wa jimbo uko mlangoni. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia. Luciana atasema maneno mawili, atarudishiwa sare, wataimba, yatakwisha.

"Nimeshindwa," Luciana alisema. "Nitasimama." Ndipo akautazama mkono wake, akaugeuza juu chini, kama mtu anayetazama bidhaa aliyouziwa. "Huenda umezeeka na mimi sijui. Huenda kweli siku hizi unawahi."

Klara alimkasirikia kupita kiasi. Ungesikiliza vizuri, mwanamke wewe, aliwaza, ungeniponya. Kipo pale, kinachakacha, hata kiziwi angekipata, na wewe mwenye kayamba unakikosa! Aliinuka, akamshukuru Prashant kwa chai, akatoka nje ambako upepo wa Singida ulimpiga vumbi la macho, na huo nao akaulaani.

Siku zilizofuata zilimtesa. Kumbe kile kitu kikishaingia sikioni hakitoki. Aliposikia redio ya jirani alikisikia katika makofi ya watu, yanasikika kama mafuta yanayokaangiwa samaki. Alikisikia katika vigelegele vya harusi vilivyorekodiwa. Binti yake aliyeko Dodoma alimtumia wimbo kwa simu, kwaya ya watoto, mzuri sana, na Klara akaishia kusikiliza uchafu tu pembeni ya sauti za malaika wale. Alijaribu kujitia hamnazo, ikashindikana. Kwenye kibanda cha Gervas spika ilikuwa inaporomosha wimbo wao wa mavuno tangu asubuhi, na alipopita hapo akienda kusaga hakuweza kuvumilia.

"Zima hiyo!"

Gervas alichungulia, mdomo umejaa muhogo. "Shikamoo, Mwalimu. Mbona ni wimbo wako?"

"Marahaba. Siyo wangu huo. Umeubana mpaka umetoka utumbo."

"Nimepunguza uzito tu, Mwalimu. Watu hawasikii tofauti. Tena wanasema siku hizi mnaimba vizuri." Aliwageukia wateja waliokaa benchini wakisubiri simu zao. "Jamani, mnasikia kasoro yoyote hapo?"

Wakasikiliza kwa heshima. Hawakusikia.

"Hapo!" Klara alinyoosha kidole hewani. "Hapo kabla ya kayamba! Tena hapo!"

Walitazama kidole chake, kisha wakamtazama yeye, kisha mmoja akamwambia pole, Mwalimu, jua la leo ni kali. Klara alichukua ndoo yake ya mahindi akaenda zake. Alikuwa amempigia mbuzi gitaa, na ubaya wake ni kwamba mbuzi walikuwa waungwana.

Siku ya mazoezi Luciana alikuja amevaa kitenge cha kawaida, akakaa benchi la nyuma. Sare na kayamba vilikuwa kwenye meza ya Klara, vinasubiri. Filipo aliomba sala, akakohoa, akamwita. Luciana akapita katikati ya wenzake na kusimama pale panaposimama wakosaji. Alikuwa amejiandaa. Mikono yake ilikuwa imefumbatwa kwa nyuma, kwa namna ambayo Klara hakuwahi kuiona kwake, kama mtu anayemficha mtoto mtukutu.

"Ndugu zangu," Luciana alianza, "nilimsingizia mwenzetu. Nilisema sauti imechezewa, na haikuchezewa. Mkono wangu ndio—"

"Koma," Klara alisema.

Alisikia sauti yake mwenyewe kabla hajaamua kuitoa. Aliondoka mezani, akaenda akasimama ubavuni mwa Luciana, palepale, mabega yakigusana. Kutokea hapo, waimbaji walionekana wengi kuliko siku zote.

"Luciana hakuwahi," alisema. "Ile nakala ya simu ndiyo mbovu. Imebanwa mpaka kayamba inavuja kabla ya mkono. Nilimwonea. Kule mjini nilisikia, nikanyamaza."

Filipo, kwa ile sauti yake nzito iliyolainishwa kwa upendo, akasema, "Mwalimu, sote tulikuwepo. Hapakuwa na tofauti."

"Ilikuwepo!"

"Prashant mwenyewe, mwenye mitambo, hasikii."

"Mimi nasikia!"

"Mwalimu kasikia malaika," mmoja wa vijana wa besi alinong'ona, na kicheko kikapita safu ya nyuma. Klara akawatazama mmoja mmoja na kuona nyuso ambazo hazikumlaumu hata kidogo. Walikuwa wanampenda. Walidhani mwalimu wao, kwa moyo wake mwema, ameamua kujibebesha kosa la rafiki yake wa utotoni asiaibike peke yake. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa anafuta machozi. Klara alitamani kumzaba kofi.

Akamgeukia Luciana. Huyu angalau, aliwaza. Huyu ndiye aliyesema tangu mwanzo.

Luciana alikuwa amemwinamishia kichwa upande. "Asante, Klara," alisema taratibu, bila kumwita Mwalimu. "Lakini usinihurumie. Nilikaa pale nikasikiliza kwa masikio yangu yote. Sikusikia kitu."

"Mungu wangu," Klara alisema. "Ulikuwa sahihi! Unanisikia? Mkono wako ulikuwa sahihi!"

"Nimekusikia," Luciana alijibu, kama anayembembeleza mgonjwa.

 Klara alikwenda mezani, akachukua sare akamwekea Luciana begani, akachukua kayamba akaisukuma mikononi mwake. Luciana alisita kuipokea. Vidole viliyagusa matete, vikarudi, vikayagusa tena, na kusita huko kulimkata Klara maini kuliko kicheko chote cha besi.

"Wimbo wa mavuno," Klara alisema. "Simameni vizuri. Na wewe piga kama ulivyozoea. Usinisikilize mimi, usimsikilize mtu yeyote. Piga."

Akainua mkono. Sauti ya kwanza ikaingia, ya pili ikaifuata, Filipo akateremka na besi yake, macho juu darini. Luciana aliishika kayamba kifuani, amekaza taya. Mapigo mawili yalipita bila yeye kuingia, kisha la tatu, na Klara aliendelea kupima hewani kwa mkono, anamsubiri. Ndipo kiganja kilipogeuka. Kikapanda, kikashuka, na sauti ikashuka nacho, chembe kwa chembe, kavu, safi, na kati ya mkono na sauti hapakuwa na kitu.

Klara aliangaza huku na huku kutafuta mtu mmoja tu aliyesikia. Walikuwa wanaimba. Luciana alikuwa amefumba macho.

Na mlangoni, mdomo wazi kwa furaha, Gervas alikuwa ameinua simu yake juu anarekodi, na alipoona Mwalimu anamtazama akampungia mkono.